Kiingereza cha bubu: mutihani wenye mamilioni ya vijana wa China wanafanya

Mara mbili kwa mwaka, katika Mwezi wa 6 na Mwezi wa 12, kuko Siku moja ya Posho yenye inawanyima wanafunzi wa iniversite za China usingizi. Saa tatu ya asubui wanaingia katika kalasi. Kila mumoja iko na karte yake ya utambulisho, kalamu, na chombo cha kusikilizia chenye kufunika masikio. Wanakaa mumoja mumoja, mbali na mwenzake. Kwanza wanaandika. Kisha sauti inaingia katika masikio, mara mingi kwa njia ya redio ya iniversite yenyewe, na ile sauti inasema Kiingereza tu. Kwa mwaka, watu zaidi ya milioni 10 wanapita mule. Ule mutihani unaitwa CET. Wa kwanza ni CET-4, wenye kuwa juu yake ni CET-6.

Sasa, sisi wa Kolwezi, Likasi, Fungurume na Lubumbashi, ile inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Mapatano ya Sicomines yalifanywa katika mwaka wa 2008. Katika mwaka wa 2016, kampuni ya CMOC ilinunua sehemu ya Waamerika wa Freeport-McMoRan kule Tenke Fungurume. Tangu wakati ule, wafanyakazi wengi wa hapa kwetu wanapokea amri kutoka kwa injenyere Muchina. Na kila mutu wa mugodi alikwisha kujiuliza hii ulizo: huyu kijana alisoma, anashika karatasi ya Kiingereza na anaelewa kila kitu kwenye iko pale, lakini ukimusemesha Kiingereza anaanza kutafuta maneno, anachukua telefone, ao anaita mutafsiri. Namna gani?

Wengine wanasema ni kiburi. Wengine wanasema diplome yake ni ya kununua. Mara mingi haiko vile. Jibu liko katika mutihani wenye alipita.

Njia yenye alipita

Tangu mwaka wa 2001, serikali ya China ilisema watoto waanze kujifunza Kiingereza katika mwaka wa tatu wa masomo ya musingi. Mutoto iko na miaka 8 ao 9 hivi. Kisha anaendelea nacho katika masomo ya sekondari yote. Kwenye mwisho anakuta gaokao, mutihani mukubwa wa kuingia iniversite, wenye unafanywa kuanzia tarehe 7 ya Mwezi wa 6. Ni kama Examen d'État yetu, lakini uzito wake ni mwingine: kule, pointi zako ndizo zinaamua utaingia iniversite gani. Katika majimbo mingi pointi zote ni 750, na Kiingereza peke yake kiko na 150, sawasawa na hesabu, sawasawa na Kichina chenyewe. Mwaka wa 2024, vijana zaidi ya milioni 13 walijiandikisha kwa gaokao.

Mwenye kupita anafika iniversite, hata kama anaenda kusoma mambo ya mawe, ya umeme, ao ya madawa ya kusafishia shaba. Pale tena Kiingereza kinamungojea. Miaka miwili ya kwanza anakisoma, na anajitayarisha kwa CET-4. Kwa miaka mingi, iniversite nyingi zilikataa kumupa mutu diplome kama hakupita ule mutihani. Leo nyingi zimelegeza, lakini makampuni yenye kutafuta wafanyakazi yangali yanauliza: CET-4 uko nayo? CET-6 je? Kwa mutoto wa mulimaji wa muchele, yule wa kwanza katika jamaa kufika iniversite, ile karatasi ni mulango wa mushahara.

Ndani ya mutihani kuko nini

CET-4 inachukua dakika 125. Dakika 30 za kuandika barua ao habari fupi, dakika 25 za kusikiliza, dakika 40 za kusoma, na dakika 30 za kutafsiri kutoka Kichina kuingia Kiingereza. Pointi zote ni 710. Kusikiliza kunachukua asilimia 35, kusoma asilimia 35, kuandika asilimia 15, na kutafsiri asilimia 15. Ukifikisha 425, watu wanahesabu kama umepita, na unaruhusiwa kujaribu CET-6.

Ile sehemu ya kutafsiri iliingia kwa sura yake ya sasa katika mwaka wa 2013. Wanakupa maneno ya Kichina juu ya maisha yao wenyewe: chai, ngoma ya simba, karatasi zenye wanakata kwa kupamba madirisha, mito yao mikubwa. Wakubwa wa masomo walitaka kijana ajue kueleza inchi yake kwa mugeni.

Sasa hesabu vizuri. Masikio yako mule, macho yako mule, mukono uko mule. Kinywa kiko wapi? Katika zile pointi 710, hakuna hata moja ya kinywa.

Kwa nini walianza vile

Walikuwa na sababu yao. Kuanzia mwaka wa 1978, wakati Deng Xiaoping alifungua inchi, China ilikuta iko nyuma katika mambo ya mashini, ya dawa na ya viwanda. Vitabu vya ile elimu vilikuwa vya Kiingereza. Inchi haikuhitaji sana watu wa kupiga masolo na Waingereza. Ilihitaji injenyere mwenye kukaa na kitabu cha wageni, akisome, akielewe, kisha aende kutengeneza mashini. Kwa hiyo, programu ya Kiingereza ya iniversite katika miaka ya 1980 iliweka kusoma mbele ya kila kitu. CET-4 ilianza katika mwaka wa 1987, CET-6 katika mwaka wa 1989. Profesa Yang Huizhong wa iniversite ya Shanghai Jiao Tong alikuwa mumoja wa wale wenye waliuongoza kwa miaka mingi.

Kuko na sababu ingine, yenye hata sisi tunaijua. Ukiwa na maelfu na maelfu ya wanafunzi, maulizo ya kuchagua jibu, A ao B ao C, mashini inaweza kuyasahihisha kwa haraka, bila kujali uko mutoto wa nani. Lakini kwa kusikiliza kila mutoto akisema, unahitaji mwalimu, kiti, na wakati, kwa kila mumoja. Nani atalipa?

Chenye hakiko mu ekzame hakifundishwe

Kila muzazi anajua hii: mutoto akisikia kama somo fulani haliko mu ekzame, anafunga kaye. Mwalimu pia. Katika China, wanafunzi wa iniversite walikariri vitabu vya maneno, vyenye kupangwa kwa alfabeti. Neno la kwanza katika vile vitabu ni "abandon", maana yake kuacha. Wachina wenyewe wanachekea ile: wanasema kuko wengi wenye walianza kitabu, wakajifunza lile neno la kwanza, wakalifuata, wakaacha.

Matokeo walilipatia jina: Kiingereza cha bubu. Mutu anasoma, anaandika, anasikia, lakini hasemi. Anajua kanuni zote za lugha, na ndizo zinamufunga, kwa sababu anaogopa kukosea. Kwa miaka kumi na zaidi, kila kosa la Kiingereza lilimuondolea pointi. Atajifunza wapi kukosea bila woga?

Wengine walitafuta njia. Katika iniversite na katika bustani za miji, kuko mahali penye watu wanakutana kwa kusema Kiingereza tu, mutu na mugeni wake, bila mwalimu. Kuko tena Li Yang, mwenye alisomea mambo ya mashini kule Lanzhou. Anasimulia kama alikuwa anaanguka mitihani ya Kiingereza, akaanza kupiga makelele ya maneno ya Kiingereza inje ili haya imutoke, na akapita CET-4 muzuri sana. Kisha akafanya ile kazi yake: kuwakusanya watu wengi katika viwanja, wote wanapiga makelele ya Kiingereza pamoja.

Wakubwa wa mutihani nao hawakukaa bure. Katika mwaka wa 1999 walianzisha mutihani wa kusema. Lakini uliwekwa pembeni, na kwa miaka mingi ruhusa ilitolewa tu kwa wenye walikuwa na pointi za juu. Hata leo, mwenye anataka anaufanya mbele ya ordinatere. Mwenye hataki anauacha, na CET-4 yake haipunguke. Katika mwaka wa 2005 waliacha kupima juu ya 100, wakaanza zile pointi 710, na waliongeza uzito wa kusikiliza. Katika mwaka wa 2018 inchi ilitoa kipimo kimoja cha Kiingereza chenye vipandio 9, na kusema kuko mule. Wanatembea, lakini injenyere mwenye alitoka iniversite mwaka wa 2010 alishakuja Kolwezi na ulimi wake wa zamani.

Kwenye mugodi

Ni vizuri tukumbuke kama haiko kila Muchina mwenye uko naye kwenye kazi alifanya CET. Mafundi wengi walitoka masomo ya ufundi, na hawajui Kiingereza hata cha kusoma. Wengine, wale watafsiri, walisoma Kifaransa kama kazi yao. Lakini kama mukubwa wako ni injenyere wa iniversite, unajua sasa nguvu yake iko wapi: katika macho, haiko katika kinywa.

Ile ni jambo la usalama. Ajali haingoje mutafsiri. Amri moja inaweza kutoka kwa Kichina, ikapita kwa Kifaransa cha mutafsiri, ikafika kwa kapita, na kapita akaitoa kwa Kiswahili. Kwa kila kituo kitu kinaweza kuanguka: namba ya shimo, saa ya kulipua, upande wa kupitisha kamyo. Na ubaya mukubwa ni ile "ndiyo" ya pande zote mbili. Sisi tunaitikia kwa kichwa kwa heshima, yeye pia anaitikia kwa haya. Kila mumoja anaenda akifikiri mwenzake alielewa.

Kwa hiyo, kama kuko na jambo la hatari, usisemeshe tu, andika. Namba, saa, mushale, picha ya mashini. Mutu mwenye alipita CET-4 alifundishwa kuelewa chenye kiko kwenye karatasi, hata neno moja moja la Kiingereza lenye mutoto wako wa sekondari anajua. Kisha, mbele ya kuwasha mashini, mumoja arudilie amri kwa mwenzake, kwa kidole kama maneno yanakosa. Mutafsiri mwenye haelewe neno la kazi, aseme haelewe, haiko haya. Na tumusaidie injenyere kusema. Ukicheka Kiingereza chake leo, kesho atanyamaza hata pale angepaswa kukupigia kelele ukimbie.

Na watoto wetu

Mbele ya kuwacheka, tuangalie kwetu. Examen d'État iko na sehemu ya lugha, na Kiingereza kiko mule, kwa maulizo ya kuchagua jibu. Mutoto anaweza kutia alama kwenye jibu la kweli na asijue kusalimia mugeni. Watoto wetu wangapi wako na diplome ya humanités, na siku ya kuomba kazi, wakiulizwa jambo moja kwa Kiingereza, wanaangalia chini? Bubu wa kule na bubu wa hapa ni ndugu.

Leo wazazi wengi katika miji ya mugodi wanatafuta pesa ili mutoto ajifunze Kichina, awe mutafsiri, asiingie katika shimo kama baba yake. Ni mawazo ya muzuri. Lakini mujue: mutihani wa Kichina kwa wageni, HSK, nao uko vile vile. HSK 1 na HSK 2 ni kusikiliza na kusoma tu. HSK 4, yenye iniversite nyingi za China zinaomba kwa kumupokea mugeni, inaongeza kuandika. Kusema kuko katika mutihani mwingine wa pembeni, wenye unaitwa HSKK. Mutoto anaweza kuleta HSK 4 nyumbani, jamaa ifanye feti, na kwenye kazi ashindwe kutafsiri amri ya dakika moja.

Mbele ya kulipa pesa ya masomo, muzazi amuulize mwalimu mambo mawili. La kwanza: katika saa moja ya somo, mutoto wangu atasema kwa dakika ngapi? La pili: nani atamusikiliza na kumusahihisha? Mwalimu akijibu tu kwa kuonyesha kitabu, tafuta mwengine. Na mutoto akirudia kwenye nyumba na maneno matano ya Kichina, ayaseme kwa sauti mbele ya wote, hata kama hakuna mwenye anaelewa. Vijana wa China walilipa miaka mingi kwa kujua ile. Sisi tunaweza kuipata bure.