Mwindo na Rostam: Baba na Mwana Wanapogombana

Katika Shahnameh, utenzi ambao Ferdowsi aliukamilisha mwaka 1010, Rostam anapigana mieleka na kijana Sohrab, anamchoma kisu, kisha ndipo anapojua kuwa ni mwanawe. Wasimulizi wa Uajemi wamewaliza watu kwa kisa hicho karne kwa karne. Wanyanga wa Walikale, mashariki mwa Kongo, majirani wa Wahunde wa Masisi, nao wana utenzi wa baba na mwana. Wao wameumaliza vingine.

Shemwindo, mtemi wa Tubondo, anawaamuru wake zake wazae wasichana tu. Mwindo anazaliwa kwa kupitia kidole cha kati cha mama yake, usinga mkononi, akitembea na kusema. Baba anamrushia mikuki, anamzika, mwishowe anamfungia ndani ya ngoma na kumtosa majini. Ngoma inasafiri ikiimba hadi kwa Iyangura, shangazi yake, aliyeolewa na Mukiti, nyoka mkuu wa maji.

Zal, baba wa Rostam, naye alitupwa mlimani kwa kuzaliwa na nywele nyeupe, akalelewa na ndege Simurgh. Mnyanga hakuhitaji ndege: mtoto yuko kwa shangazi, na shangazi ana haki ya kumkaripia kaka yake hadharani. Kwangu hapa ndipo penye uzito wa utenzi wote. Baba anapokimbia, Mwindo anamfuata hadi kuzimu kwa Muisa, mtawala wa huko, na kumrudisha hai, lakini ugomvi unaishia kwenye kikao. Shemwindo anakiri kosa lake mbele ya watu, Iyangura akiwapo, na nchi inagawanywa nusu kwa nusu.

Msimulizi Candi Rureke aliusimulia utenzi huu mwaka 1956 kwa siku 12, manyanga na usinga mikononi, akiimba na kucheza. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, waliuchapisha mwaka 1969. Wasimulizi wa utenzi huu husema kazi hiyo wameagizwa na pepo Karisi, naye huwakinga na maradhi.

Rostam aliua joka akasifiwa. Mwindo alipomuua Kirimu, joka la vichwa saba, alishtakiwa. Nkuba, radi aliyekuwa rafiki wa Kirimu, alimpandisha mbinguni mwaka mzima; huko Mwindo akapigwa na baridi, mvua na jua, kisha akakatazwa kuua mnyama tena. Kwa watu wa msitu waishio kwa mitego na mbwa wa kuwindia, hiyo ni hukumu nzito kumpa mtemi.