Opsheni ya Bei Chee

Tuseme hisa moja inauzwa dola 100. Ukitaka hisa 100, unatoa 10,000. Walioko Marekani wana njia nyingine: LEAPS, opsheni za muda mrefu ambazo soko la opsheni la Chicago lilizianzisha mwaka 1990. Mkataba mmoja unakupa haki ya kununua hisa 100 kwa bei iliyowekwa leo, hata miaka miwili baadaye.

Mkataba wa kununulia kwa dola 80 unauzwa, kwa mfano, 2,800. Wa kununulia kwa 120 unauzwa 1,100, na huo ndio unaokimbiliwa. Sasa hisa ifikie 130 siku ya mwisho. Mkataba wa kwanza una thamani ya 5,000, faida 2,200. Wa pili, 1,000 tu. Hisa imepanda asilimia 30 na aliyenunua cha bei chee kapoteza dola 100! Hisa ikigota palepale kwenye 100, mmoja anabaki na 2,000, mwenzake mikono mitupu.

Kweli, mwenye opsheni hapati gawio. Ila zile 7,200 alizobakiza kwenye 10,000 aliyenunua mkataba wa kwanza, akiziweka panapolipa asilimia 4, zinamzalia 288 kwa mwaka. Akizinunulia mikataba mingine, basi hapo kaingia kwenye kamari, asijidanganye.

Nunua soko likiwa limetulia. Hofu ikitanda, au kampuni ikikaribia kutangaza mapato yake, opsheni hupanda bei hata kama hisa haijasogea. Tazama na pengo: kwa kila hisa ya mkataba, mnunuzi anatoa 27, muuzaji anataka 29. Ukinunua na kuuza papo hapo, dola 200 zimekwenda. Kamisheni ya dalali ni kitu kidogo mbele ya hilo. Weka oda ya 28, usubiri.

Kuuza ndiko kugumu. Mkataba ulioushika zaidi ya mwaka, kodi ya serikali kuu kwenye faida ni asilimia 0, 15 au 20. Uuze mapema, utatozwa kama mshahara, hadi 37. Lakini ukiukumbatia mno, thamani ya muda uliobaki huyeyuka kwa kasi miezi ya mwisho. Mkataba wa miaka miwili, mimi ningeuuza kati ya mwezi wa 13 na wa 18. Na ukiamua kuutumia uchukue hisa zenyewe, ile hesabu ya mwaka mmoja inaanza upya.