Plau ya Babu: Ipime Kabla Hujaiuza Chuma Chakavu

Msimu unakaribia na simu zimeshaanza: "Mtaalamu, trekta nitapata wapi?" Leo tuongelee kitu ambacho wengi mnacho nyuma ya ghala na hamkioni kabisa: plau ya babu.

Juzi niliitwa kwenye familia moja Usukumani. Kulikuwa na mvutano. Kaka mkubwa anaishi mjini, na alishaongea na mnunuzi wa vyuma chakavu. Mdogo wake analima pamba na dengu, anaitaka plau. Bibi yao alisema neno moja tu: "Hiyo ndiyo iliyowasomesha baba zenu."

Babu aliinunua kwa pesa ya pamba, enzi za Victoria Federation, ule muungano wa vyama vya ushirika ulioundwa 1955. Nilipokwangua kutu yakatokea maandishi: RANSOMES, IPSWICH. Hiyo ni kampuni ya Uingereza iliyoanza kazi Ipswich mwaka 1789. Mwaka 1803 mwanzilishi wake, Robert Ransome, alipata hataza ya jino la plau linalojinoa lenyewe: upande wa chini mgumu, wa juu laini, hivyo juu hulika mapema na makali yanabaki.

Lakini historia hailimi shamba. Nikawaambia tuipime kwanza.

1. Mhimili. Vuta kamba kutoka mbele hadi nyuma. Kama uligonga kisiki ukapinda, plau itakuvuta upande mmoja siku nzima.

2. Jino. Weka plau kwenye sakafu iliyonyooka. Ncha ya jino na kisigino viguse chini, katikati ubaki upenyo mdogo. Upenyo ukiisha, jino limelika; plau haitazama hata uikandamize vipi.

3. Boliti na chuma cha ubavuni, kile kinachoteleza kwenye ukuta wa mtaro. Kikilika, plau inayumba.

Ya kwao mhimili ulikuwa mzima. Kilichokufa ni jino, chuma cha ubavuni na boliti tatu. Hivyo vyote vinabadilishwa. Ila usinunue kwa kukisia: beba jino la zamani dukani, linganisha matundu.

Unasema jino ni kitu kidogo? Piga hesabu. Eka moja ni kama mita za mraba 4,047. Plau ikikata upana wa sentimita 20, wewe na maksai mnatembea kilomita 20 kumaliza eka. Ikikata 15, mnatembea 27. Kilomita 7 za bure, kila eka! Halafu tunasema ng'ombe ni wavivu.

Kufunga nako kuna akili. Mnyororo ukiupandisha tundu la juu, plau inazama zaidi, ukiushusha, inapanda. Ukiusogeza upande uliokwisha kulimwa, inakata pana zaidi. Gurudumu kazi yake ni kutuliza tu. Likichimba ardhi, umefunga juu mno.

Sikuambii uachane na trekta. Mwenye eka 50 akodi. Ila mwenye eka 5 anayesubiri foleni ya trekta wakati mvua ya kwanza inapita, huyo anapoteza mavuno huku plau inaota kutu nyumbani.

Sasa, plau ni ya nani? Hapo ndipo familia nyingi zinavunjika. Hawa walikubaliana hivi: mdogo ananunua vipuri na kuitunza, akimaliza eka zake, binamu wawili wanaichukua kwa zamu, hakuna wa kuiuza peke yake. Tukaandika, tukamsomea bibi. Kaka mkubwa hakufurahi sana, ila alisaini.

Nanyi fanyeni hivyo. Jumamosi hii itoeni plau, isugueni, mpime hayo matatu, mpake grisi. Kisha mkae na ndugu muandike zamu kabla mvua haijanyesha. Mali bila daftari hupotea bila habari.