BAZA ISIYOLIA: TUSIMTUHUMU MUUZAJI KABLA YA KUELEWA



 

Katika makala hii tunaeleza kifaa kidogo kiitwacho baza ya piezo na namna ya kukiliza. Kilichotufanya tuandike ni tukio la hapa kwetu Mbalizi. Tangi letu la maji ya udhu lilikuwa likijaa usiku na kumwagika, nasi tunajua kuwa dini yetu imekataza israfu hata katika maji ya kutawadhia. Vijana wetu wawili wakaamua kutengeneza kengele: boya likipanda hadi juu libonyeze swichi, baza ilie. Fikra hiyo si ngeni kwa Waislamu. Mwaka 1206 Al-Jazari alikamilisha kitabu chake cha mitambo, na humo zimo saa za maji zinazoendeshwa kwa boya.

Vijana walinunua baza mjini Mbeya, wakaiunga kwenye betri ya volti 9. Ikatoa "tik" moja, kisha kimya. Wakarudi dukani kwa hasira, wakamwambia muuzaji mbele ya wateja wake kwamba amewauzia kitu kibovu. Kumbe baza ilikuwa nzima.

Baza ziko za aina mbili. Ya kwanza ina saketi yake ndani. Ukiipa betri inalia yenyewe. Ya pili haina saketi. Ndani mna kisahani chembamba cha shaba ya manjano kilichobandikwa kauri nyeupe. Kauri hiyo ikipewa umeme hujikunja kidogo. Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme, na mwaka 1881 wakathibitisha kinyume chake, kwamba zikipewa umeme hubadilika umbo. Viberiti vingi vya kuwashia jiko la gesi kwa kubonyeza hutumia jambo hilo hilo.

Sasa fikirini dufu. Ukiligandamiza kwa kiganja na kuacha mkono hapo hapo, halitoi mlio. Ni lazima upige, uachie, upige tena. Betri hufanya kama kile kiganja: hukunja kisahani mara moja na kukishikilia hivyo. Ile "tik" ndiyo kule kujikunja. Ili kilie, umeme uwe unawaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Baza nyingi za aina hii hulia kwa nguvu zaidi kwenye mitetemo 2,000 hadi 5,000 kwa sekunde, yaani hezi.

Kazi hiyo hufanywa vizuri na aisii namba 555. Ungeni hivi:

1. Mguu wa 8 na wa 4 kwenye chanya ya betri ya volti 9. Mguu wa 1 kwenye hasi.
2. Rezista ya kilo-omu 1 kati ya chanya na mguu wa 7.
3. Rezista ya kilo-omu 18 kati ya mguu wa 7 na wa 6.
4. Mguu wa 6 na wa 2 viungwe pamoja, kisha kapasita ya nanofaradi 10 (yenye alama 103) kutoka hapo hadi hasi.
5. Mguu wa 3 upitie rezista ya omu 100 hadi kwenye baza. Waya wa pili wa baza uende hasi.

Mlio utakuwa wa hezi 3,900 hivi. Swichi ya boya ikae kwenye waya wa chanya wa betri.

Wapo wanaotumia transista moja badala ya aisii. Hao wakumbuke kuwa kisahani huhifadhi chaji kama kapasita. Transista hukijaza lakini haikitoi chaji, hivyo mlio huwa hafifu. Dawa yake ni kuunga rezista ya kilo-omu 1 sambamba na baza, chaji ipate njia ya kutokea.

Tahadhari: tumieni betri, wala msipeleke umeme wa nyumbani karibu na tangi. Pia kauri hiyo kwa kawaida ina madini ya risasi. Msiikwaruze wala kuivunja, na mnawe mikono baada ya kazi.

Kengele ikalia, alhamdulillah, na maji hayamwagiki tena. Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Vijana walirudi dukani wakamwomba radhi yule muuzaji mbele ya wateja, kwa kuwa mbele ya wateja ndipo walipomtuhumu. Naye akawasamehe. Basi, wanafunzi wetu, kitu kikikataa kufanya kazi tuulize kwanza kinavyofanya kazi. Dhana mbaya ni dhambi, na mara nyingi huanzia kwenye kutojua.