Ordinateri ikilia, tusiinyamazishe

Bandugu wafanyakazi, na ninyi bamama na watoto munaotusoma nyumbani,

Kwenye biro yetu ya sendika tuko na ordinateri moja tu, ile ya kuweka mezani. Ndani yake njo muna majina ya wanachama, ripoti za ajali na hesabu ya mwisho ya wenzetu walioachishwa kazi. Mwezi uliopita, siku tatu mbele ya kwenda kutetea dosie za wajane watano, ile mashini ilianza kulia kama mashini ya kuvunja mawe. Hatukuweza hata kusikilizana.

Mumoja wetu alichoka na makelele. Akafungua ubavu wa mashini, akachomoa waya ya vantilateri. Kimya. Tulifurahi dakika chache tu, kisha mashini ikazimika yenyewe. Tukaiwasha, ikazimika tena. Fundi mumoja wa mjini aliiangalia bila hata kuifungua, akasema imekufa, tununue mupya. Tununue na pesa gani? Ile ya michango yenu?

Muzee wetu mumoja, aliyefanya kazi ya hewa chini ya ardhi miaka mingi, alikataa. Akatuuliza: "Kule chini, vantilateri ikibadilisha sauti, munaizima ao munatafuta sababu?" Tulipata haya. Kila mutu wa mugodi anajua: vantilateri ikisimama, watu wanatoka. Tukaanza kazi naye. Tunaandika hapa tuliyojifunza, juu hata nyumbani kwenu mashini ya watoto inaweza kulia hivyo.

Prosesa, njo kichwa cha ordinateri, inatoa joto ikifanya kazi. Juu yake kumefungwa kipande chenye meno-meno, cha aluminiyumu ao cha shaba, ile mukuba tunayochimba sisi wenyewe. Shaba inapitisha joto zaidi ya mara moja na nusu kupita aluminiyumu. Vantilateri inapuliza hewa kati ya yale meno. Vumbi ikiziba, joto inabaki ndani, na mashini inaamuru vantilateri ikimbie zaidi. Njo makelele yanatoka pale. Joto ikikaribia digri 100, prosesa inapunguza mwendo, kisha mashini inazimika ili isiungue. Kumbe haikuwa imekufa. Ilikuwa inajilinda.

Kazi ya kwanza ilikuwa kurudisha ile waya, kuwasha, na kukopia dosie zote kwenye flashi mbele ya kugusa kitu kingine. Musisahau hii.

Kisha tulisikiliza. Kunja karatasi kama bomba, upande mumoja sikioni, upande mwingine karibu na kila vantilateri, bila kuigusa. Iko moja juu ya prosesa, moja nyuma ya kasha, na moja ndani ya kisanduku cha umeme. Sauti ya upepo mukali ni joto ao vumbi. Sauti ya kukwaruza ni vantilateri iliyochakaa katikati yake. Tak-tak-tak ni waya inayogusa mapanga yake: ifunge pembeni. Na kama kelele inakuja hata mashini ikiwa safi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, uone programu gani inakula nguvu ya prosesa. Pengine ni virusi.

Mbele ya kusafisha, zima mashini, chomoa waya kwenye ukuta, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki utoke. Gusa chuma ya kasha kwanza. Toa vumbi na pinso laini, kavu. Ukipuliza, shika mapanga ya vantilateri na kidole yasizunguke. Maji hapana, kitambaa cha maji hapana. Kile kisanduku cha umeme usikifungue hata kidogo: ndani yake umeme unaweza kubaki hata kama waya imechomolewa. Safisha matundu yake kwa nje tu.

Kwetu vumbi ilikuwa imelala kati ya meno kama godoro. Na ile dawa inayowekwa kati ya prosesa na meno ilikuwa imekauka kabisa. Tuliifuta, tukaweka mupya, kiasi cha punje ya muchele. Ikiwa vantilateri yako imechakaa, nunua yenye kipimo kilekile, kwa mufano milimita 80, 92 ao 120, na uhesabu matundu ya kichwa cha waya yake: 3 ao 4.

Jioni ile mashini iliwaka, na sauti yake ilikuwa ndogo. Tulitoa kwenye karatasi dosie zote tano, na siku ya kuitwa tulifika nazo mukononi. Kesi bado inaendelea, lakini hakuna atakayesema karatasi za wale bamama zilipotea kwetu.

Kosa lilikuwa letu pia. Mashini ilikuwa chini, karibu na mulango, ikikula vumbi ya makamyo kutwa. Sasa iko juu ya meza, mbali kidogo na ukuta, na tutaifungua kila miezi mitatu. Ile flashi anaitunza mama mumoja wa komite, nyumbani kwake.