Huzuni, msongo wa mawazo na sonona si kitu kimoja

Wagonjwa wengi huniambia, "Daktari, nina mawazo mengi." Maneno hayo huweza kuwa na maana tatu tofauti.

Huzuni ni hisia ya kawaida. Ukifiwa au ukiachishwa kazi utalia, lakini mtoto akikuchekesha bado utacheka. Huo si ugonjwa.

Msongo wa mawazo ni kulemewa na mzigo, kwa mfano karo au kodi ya nyumba. Moyo hudunda, usingizi hukatika. Mzigo ukitua, mara nyingi nafuu hupatikana.

Sonona ni ugonjwa. Mgonjwa hukosa raha au hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi. Hulala vibaya, huchoka bila kazi, chakula humshinda na hujiona hana maana. Wengine hutamani kufa. Huo si uvivu wala si kurogwa. Hutibika kwa ushauri nasaha, dawa, au vyote viwili.

Je, mwenzako ametaja kifo? Usimkemee. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halitampa wazo jipya. Litampa nafasi ya kusema. Kisha usimwache peke yake: mfikishe hospitali.