Kuchagua Nyasi Kavu za Sungura kwa Mfugaji Adhurikaye na Vumbi

Wako wafugaji ambao kila waingiapo kibandani kuwalisha sungura hupiga chafya mfululizo, macho yao huwasha na kutoka machozi, na wengine kifua huwabana hata usiku wasilale. Baadhi yao huchoka, wakauza sungura wote, na watoto wakakosa kitoweo. Hiyo ni haraka, kwa kuwa mara nyingi kosa si la sungura bali ni la nyasi.

Kwanza yapasa kumjua adui. Kwa muda wa siku 7, mtu mwingine wa nyumbani atie nyasi na kufagia kibanda, nawe uwashike sungura nje tu, mahali penye hewa. Ukipata nafuu, adui ni nyasi. Usipopata, huenda ikawa ni mnyama mwenyewe, maana mate yake, manyoya yake na mkojo wake pia huweza kumdhuru mtu. Na hapo kubadili nyasi hakutakufaa.

Madhara ya nyasi ni ya namna mbili. La kwanza ni unga mwembamba wa maua yake, uchukuliwao na upepo. Charles Blackley, daktari wa Uingereza, alijifanyia majaribio mwilini mwake, akaeleza katika kitabu cha mwaka 1873 ya kuwa unga huo ndio uletao mafua ya majira ya nyasi. La pili ni ukungu. Nyasi zilizowekwa zikiwa na maji hupata joto ndani, zikavunda, na zikitikiswa hutoa vumbi liumizalo mapafu yenyewe. Mwaka 1932 daktari Campbell alieleza habari za wakulima wa Westmorland, Uingereza, waliougua hivyo baada ya kushika nyasi zilizovunda. Twauona ukungu kuwa mbaya zaidi, kwani humdhuru hata mtu asiyekuwa na maradhi yo yote, na sungura pia.

Nyasi za Rhodes zafaa sana kwa kukausha, kwa kuwa mashina yake ni membamba na hukauka upesi. Walakini shauri kubwa si jina la nyasi, ila ni wakati wa kuzikata. Zikate masuke yanapoanza kuchomoza, kabla ya maua kufunguka. Likung'ute suke juu ya kitambaa cheusi: ukiona unga, umechelewa, na nyasi hizo mpe mwenye ng'ombe. Mkulima apendaye mzigo mkubwa hungoja nyasi zikomae. Mzigo huwa mkubwa kweli, lakini ni vijiti na unga mtupu. Nyasi za Kikuyu zisikudanganye kwa ufupi wake, maana hutoa maua ya nyuzi nyeupe hata zikiwa zimelishwa karibu na ardhi.

Wengine hukimbilia alfalfa, wakisema si nyasi. Ni kweli, ni jamii ya kunde, na unga wa maua yake huchukuliwa na nyuki wala si upepo. Yafaa kwa sungura wachanga na majike wanyonyeshao. Sungura mzima akilishwa hiyo peke yake hupata chokaa nyingi mno, ikamletea ugonjwa wa njia ya mkojo. Tena majani yake yakikauka hubomoka yakawa vumbi. Nepia, ambayo wengine huiita mabingobingo, ina shina nene lisilokauka vema. Afadhali uikate changa kabla ya kuchanua, uinyaushe, na kuwapa ikingali mbichi.

Ukate umande ukiisha kukauka. Anika nyasi kwa tabaka nyembamba, uzigeuze, na jioni uzifunike ikiwa kuna dalili ya mvua. Kwaruza shina kwa ukucha: likitoa unyevu, bado. Ziweke juu ya uchanja, zisiguse sakafu wala ukuta. Ukinunua, fungua mzigo uingize mkono katikati. Ukihisi joto au harufu ya uvundo, kataa, hata kama ni rahisi.

Kabla ya kulisha, kung'uta nyasi nje ya kibanda, ukisimama upande utokako upepo, pua na mdomo vimefungwa kitambaa. Nyunyizia maji zile za siku hiyo tu, na jioni uondoe zilizobaki, zisivunde. Usipunguze nyasi kwa kuogopa vumbi, maana meno ya sungura hukua maisha yake yote, na kutafuna nyasi ndiko kuyasagako. Nyasi mpya zichanganye na za zamani kidogo kidogo kwa siku 7 hata 10, tumbo lisivurugike.

Mtu ambaye kifua chake hulia filimbi, au apataye homa na kukosa pumzi saa chache baada ya kushika nyasi, asiendelee kujijaribu. Kazi ya nyasi ampe mwingine, naye aende kwa mganga wa hospitali.